Hivi karma inapimwa kwa dakika ngapi?

Ukifanya kazi kwenye gazeti la Kiswahili utajifunza mapema kwamba kuna kurasa mbili ambazo msomaji hasamehe zikikosekana: ya michezo na ya nyota. Nimeshapokea simu ya mzee mmoja akilalamika kwamba Nge ameachwa, na alikuwa na hasira kuliko wanasiasa tunaowaandika kila siku. Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo, mtu anayesoma nyota zake simcheki. Ila leo nataka tuzungumzie nyota za aina nyingine, zile za Wahindi, ambazo wenyewe wanaziita jyotisha na ambazo siku hizi zinauzwa dunia nzima kwa jina la unajimu wa Veda. Hizi haziishii kukwambia kwamba wiki hii utapata fedha usizotarajia. Zinadai kukwambia ulifanya nini kabla hujazaliwa, na kwa nini unalilipa deni hilo sasa.

Hebu kwanza tuone zinavyofanya kazi. Mbingu inagawanywa kwenye buruji 12, kila moja nyuzi 30. Mtoto akizaliwa, mnajimu anachora mahali sayari zilipo na buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki wakati ule. Hiyo ndiyo ramani kuu, na unajimu wa Ulaya nao unayo. Wahindi hawaishii hapo. Wanaichukua kila buruji na kuikata tena: vipande viwili, vitatu, tisa, kumi na viwili, mpaka sitini, na kila ukataji unazaa ramani mpya inayoitwa varga. Chukua sayari iliyo kwenye nyuzi 14 za Kondoo. Ukiikata Kondoo vipande tisa, kila kimoja kina nyuzi 3 na theluthi moja, kwa hiyo sayari yetu imeangukia kipande cha tano. Sasa hesabu: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba. Basi kwenye ramani ya tisa sayari hiyo inaandikwa Simba, ingawa huko juu haijasogea hata kidogo.

Kitabu kinachotegemewa zaidi, Brihat Parashara Hora Shastra, kinataja ramani 16 za namna hii. Ya tisa inasomewa ndoa, ya kumi kazi, ya kumi na mbili wazazi. Ya sitini ndiyo inayopewa alama nyingi kuliko zote kwenye hesabu ya ramani hizo 16, na wanajimu wa leo wanaisomea karma ya maisha yaliyopita.

Watu wengi wanadhani haya yote yametoka kwenye Veda zenyewe, miaka 3000 iliyopita. Nimepekua, na hapa ndipo penye utamu. Kitabu cha kale zaidi cha jyotisha kilichotufikia, Vedanga Jyotisha, ambacho kinahusishwa na mtu aliyeitwa Lagadha, hakina ramani ya mtoto aliyezaliwa hata moja. Hakina buruji 12. Kina mwezi unaopita kwenye vituo 27 vya nyota, kina mwendo wa jua, na kazi yake ni kumwambia kuhani siku ya kutoa sadaka. Kwa maneno mengine ni kalenda.

Karma nayo ilikuwa na njia yake. Kwenye Upanishadi ya Brihadaranyaka, ambayo ni ya karne kadhaa kabla ya Kristo, mtu anayeitwa Artabhaga anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya: mtu akifa anakwenda wapi? Yajnavalkya hakumjibu mbele ya watu. Walikwenda pembeni, wawili tu, na walichozungumza huko kilikuwa karma, kwamba matendo ya mtu ndiyo yanayomfanya awe alivyo. Lilikuwa jambo la kunong'onezana. Hakuna nyota kwenye mazungumzo yale. Na Buddha, ambaye mafundisho yake hayasimami bila karma, aliwakataza watawa wake kujitafutia riziki kwa kutabiri nyota.

Ramani ya kuzaliwa iliingia India karne za kwanza baada ya Kristo, enzi ambazo meli zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Misri na pwani ya magharibi ya India kwa pepo za msimu, ndugu za kusi na kaskazi zetu. Kitabu kimoja cha mwanzo kinaitwa Yavanajataka. Hilo neno "Yavana" ni ndugu wa neno letu Wayunani. Yote mawili yametokana na jina la Ionia. Wasomi wanagombana juu ya umri wake. David Pingree, aliyekichapa mwaka 1978, alisema ni cha mwaka 269 au 270, halafu mwaka 2013 Bill Mak akaonyesha kwamba tarehe hiyo ilitokana na hati iliyosomwa vibaya. Lakini maneno yenyewe hayafichiki. Kendra ni kentron ya Kiyunani. Jamitra ni diametros. Buruji zinaitwa Kriya, Tavuri, Leya, na Wayunani walisema Krios, Tauros, Leon. Hata hora, jina la ramani ya pili, ni neno la Kiyunani la saa. Wapo waliojaribu kulipa ukoo wa Kihindi kwa kusema ni ahoratra, yaani mchana na usiku, iliyokatwa kichwa na mkia. Ubunifu mzuri, lakini mimi sijashawishika.

Varahamihira wa Ujjain, mnajimu mkubwa wa karne ya 6, hakuona haya juu ya jambo hili. Aliandika kwamba Wayunani, pamoja na kuwa wageni wasiohesabiwa safi, wanastahili heshima ya wahenga kwa kuwa elimu hii imekaa vizuri kwao. Sijui ni wangapi kati ya wanaouza "siri za Veda" leo wanaomkumbuka kwa hilo.

Na Wayunani wenyewe waliazima. Ramani ya tatu inaitwa drekkana, kutoka dekanos, lakini kitu chenyewe ni cha Misri. Miaka kama 4000 iliyopita Wamisri walichora ndani ya vifuniko vya majeneza makundi 36 ya nyota, ambayo yalipokezana kuchomoza kabla ya alfajiri kila baada ya siku kumi hivi, na ambayo yalitumika kuhesabia saa za usiku. Baadaye, wakati Misri inatawaliwa na Wayunani, makundi hayo yaligawiwa buruji 12, matatu kwa kila moja, nyuzi kumikumi. Yapo yote 36 kwenye dari maarufu ya hekalu la Dendera, ambayo sasa iko Louvre, Paris (iliondokaje Misri hiyo ni hadithi nyingine). Ramani ya kumi na mbili, kwa upande wake, ni mtindo wa Babiloni, na vibao vya udongo vinavyoikata kila buruji mara 12 vimepatikana. Kwa hiyo ukiambiwa drekkana ni siri ya Veda, jibu kwamba ni saa ya usiku ya Mwafrika. Nachokoza kidogo, najua, lakini majeneza yapo.

Msinielewe vibaya nikaonekana nasema Wahindi walinakili tu. Ramani ya tisa, navamsha, ni yao, na kwa kweli inanifurahisha. Walikuwa na vituo 27 vya mwezi kutoka kwenye kalenda yao ya zamani, kila kituo wakakigawa robo nne. Wageni wakaleta buruji 12. Sasa utaoanishaje 27 na 12? Vituo 27 mara robo 4 ni 108. Buruji 12 mara vipande 9 ni 108. Kipande kimoja cha navamsha ni sawasawa na robo moja ya kituo cha mwezi. Mbingu mbili zikafungwa fundo moja.

Fundo la pili ndilo lililobadilisha maisha ya watu. Wayunani walipozisoma nyota walizungumza zaidi juu ya majaaliwa, jambo lililokwisha kuamuliwa. Wahindi walikuwa na karma tayari, basi wakaliweka mahali pake. Varahamihira aliifananisha elimu hii na taa: haiumbi vilivyomo gizani, inavionyesha tu, na vinavyoonyeshwa ni matunda ya matendo ya maisha mengine. Nyota ikawa hati ya deni. Na deni, tofauti na majaaliwa, linazungumzika. Unaweza kuomba, kufunga, kuvaa kito fulani kwenye kidole fulani, kumlipa mtu akufanyie ibada ya kutuliza sayari. Ukitaka kujua kwa nini biashara hii haifi, anzia hapo.

Sasa turudi kwenye ile ramani ya sitini. Mbingu inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo uzi mmoja ni dakika 4. Nyuzi 30 ukizikata mara 60 unapata nusu uzi. Kwa wastani, basi, kipande kinachochomoza kinabadilika kila dakika 2. Zamani India walipima muda kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo, lililoelea juu ya maji mpaka likajaa na kuzama, na kuzama mara moja kulikuwa ghati moja, dakika 24. Ndani ya bakuli moja karma yako ya zamani inabadilika mara 12! Mkunga gani, kwenye kijiji gani, aliweza kulitambua hilo huku ameshika mtoto?

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, mzaliwa wa Upanga, aliulizwa saa aliyozaliwa na ukoo wa mchumba wake ulioko Gujarat. Cheti chake hakina saa. Mama yake anakumbuka "saa mbili na kitu". Yaya aliyekuwepo anakumbuka saa mbili hiyohiyo, ila yeye alikuwa akihesabu kwa Kiswahili, na mama kwa Kiingereza. Hapo zimepotea saa sita, sembuse dakika mbili. Mnajimu wa kule akapiga hesabu zake "kurekebisha" saa, kwa kuangalia matukio ya maisha ya kijana na kurudi nyuma mpaka ramani iafikiane nayo. Kwa kazi yangu mimi, ushahidi unaotengenezwa baada ya hukumu unaitwa jina lingine.

Kuna tatizo kubwa zaidi ya saa. Mhimili wa dunia unayumba polepole sana, mzunguko mmoja karibu miaka 26,000, na kwa sababu hiyo mwanzo wa buruji kwa hesabu ya nyota zenyewe na mwanzo wake kwa hesabu ya majira vimeachana. Wahindi wanafuata nyota, kwa hiyo lazima waamue vimeachana kwa kiasi gani. Leo ni nyuzi kama 24, lakini mabingwa hawakubaliani. Kipimo cha B. V. Raman, mmoja wa wanajimu mashuhuri wa karne ya 20, kinapishana na kile kinachotumika zaidi kwa karibu uzi mmoja na nusu. Hivyo ni vipande vitatu vya ramani ya sitini. Maisha yako yaliyopita yanategemea umemwendea nani.

Na hicho kinachotumika zaidi, kinachoitwa cha Lahiri, kilipitishwa na kamati. Serikali ya India iliunda Kamati ya Marekebisho ya Kalenda mwaka 1952, N. C. Lahiri akawa katibu wake, na ripoti ikatoka mwaka 1955. Mwenyekiti alikuwa mwanafizikia Meghnad Saha, ambaye hakuwa na subira na unajimu hata kidogo. Saha alizaliwa mwaka 1893 kijijini karibu na Dhaka, mtoto wa mwenye duka maskini wa tabaka la chini, na alipokuwa mwanafunzi bwenini wenzake wa tabaka la juu hawakutaka kula naye chumba kimoja. Kwa mujibu wa karma kama inavyosomwa na wengi, tabaka hilo alilistahili, alilichuma mwenyewe zamani. Mwaka 1920 kijana huyo alichapisha mlinganyo unaowezesha kusoma joto la nyota kutoka kwenye mwanga wake, na wanaastronomia wanautumia mpaka leo.

Kuna atakayesema, mwandishi, unajisumbua nini, nyota zinamdhuru nani? Jayant Narlikar, mwanafizikia wa Pune aliyefariki mwaka 2025, alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Walikusanya takwimu za kuzaliwa za watoto 200, mia wanaofanya vizuri sana shuleni na mia wenye ulemavu wa akili, wakawapa wanajimu ramani 40 kila mmoja watenganishe nani ni nani. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Kwa wastani walipatia asilimia 46. Ukirusha sarafu unategemea 50. Mimi nilipoisoma taarifa ile sikuwawazia wanajimu, niliwawazia wale watoto mia moja na mama zao, na idadi ya watu ambao bila shaka walishawaambia kwamba mtoto yule analipa kitu.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2001, tume inayosimamia vyuo vikuu vya India ilikuwa imeruhusu jyotisha ifundishwe vyuoni kama sayansi. Wanasayansi walikwenda mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ikawakatalia.

Habari ya al-Biruni, Mwislamu aliyejifunza Kisanskriti na kuandika juu ya nyota na karma za Wahindi karibu mwaka 1030, nimeiacha kwa makusudi. Ni ndefu na inatugusa na sisi wenye falaki yetu, kwa hiyo nitaiandika peke yake.