Wana wa Afrika Mashariki katika Kriketi ya Kulipwa

Sisi tuliosoma Nyanda za Juu Kusini tuliiona kriketi kuwa mchezo wa Jumapili wa Wahindi wenye maduka ya Iringa na Mbeya, basi. Kumbe wapo wenzetu walioufanya kazi ya kuwapatia riziki.

John Solanky, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1942, aliichezea timu ya Glamorgan huko Wales hadi 1976. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, alidumu na Nottinghamshire ya Uingereza toka 1966 hadi 1985, na mwaka 1981 timu hiyo ikatwaa ubingwa.

Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza, huko huko Uingereza. Ilishindwa na New Zealand, India na Uingereza. Solanky na Hassan hawakuwamo kikosini, ingawa miaka hiyo mkate wao ulikuwa nchini humo. Mimi siwalaumu. Mchezaji wa kulipwa hula kwa mkataba, wala haishi kwa makofi ya watazamaji. Nchi isiyomlipa mwanawe isistaajabu akivaa fulana ya wengine.