Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Kazi za Vijana Ng'ambo: Kutoka Kambi za Kazi hadi Mabadilishano

Desturi ya wanafunzi wa vyuo vikuu kuvuka mipaka ili kufanya kazi na vijana wa nchi nyingine ina mizizi katika kambi za kazi zilizoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, mhandisi wa Uswisi, alikusanya watu wa kujitolea katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, wajenge upya makazi yaliyobomolewa na mizinga. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, ambao miaka michache tu kabla ya hapo nchi yao ilipigana na nchi ya wenyeji wao. Kutokana na kambi hiyo lilizaliwa shirika la Service Civil International, na utaratibu wake ukaigwa kwingi: vijana wa mataifa mbalimbali hulala mahali pamoja, hula chungu kimoja na hufanya kazi ya mikono kwa faida ya jamii inayowapokea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vikuu viliongeza jambo la pili, yaani kazi kama sehemu ya masomo. Mwaka 1948 yaliundwa mashirika mawili ya kubadilishana wanafunzi: IAESTE kwa wanafunzi wa ufundi na uhandisi, na AIESEC kwa wanafunzi wa uchumi na biashara. Mwanafunzi alipelekwa ng'ambo kwa muda maalumu, akafanya kazi chini ya msimamizi, kisha akarudi chuoni, kama wafanyavyo leo wanafunzi wanaokwenda mafunzo ya kazi, ambayo Watanzania huyaita fildi na Wakenya atachimenti.

Afrika iliingia katika historia hii kwa nguvu mwaka 1958. James Robinson, mchungaji Mmarekani mweusi wa Harlem, alianzisha Operation Crossroads Africa na kupeleka wanafunzi Afrika Magharibi wakati wa likizo yao ya kiangazi. Weusi kwa weupe walisafiri na kuishi pamoja, ilhali ubaguzi wa rangi ulikuwa bado ni sheria katika majimbo ya kusini mwa nchi yao, na wakafanya kazi bega kwa bega na vijana wenyeji. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1960, John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan kama wako tayari kuzitumikia nchi changa. Kutokana na wazo hilo Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, iliundwa tarehe 1 Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watumishi wake, kabla hata ya uhuru wa Desemba mwaka huo. Norway ilifuata mfano huo kwa kuanzisha Fredskorpset mwaka 1963, na kundi lake la kwanza lilikwenda Uganda. Nchini Kenya, shirika la wenyeji lijulikanalo leo kama KVDA lilikuwa limeanza kuandaa kambi za kazi mwaka 1962.

Mipango mingi ya enzi hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: safari ilikuwa ya upande mmoja. Kijana wa Ulaya au Marekani alikuja kufundisha na kujenga, lakini kijana mwenyeji hakupata nafasi ya kwenda kwao. Ukosoaji ulianza mapema. Tarehe 20 Aprili 1968, huko Cuernavaca nchini Mexico, padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijitolea vijijini kwamba nia njema haitoshi, na kwamba ni afadhali waje kama wageni wa kujifunza kuliko kama wafadhili. Tanzania nayo, iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kushika siasa ya kujitegemea, ilibaki bila Peace Corps kuanzia mwaka 1969 hadi 1979.

Jibu moja lilitoka Canada. Mwaka 1971 Jacques Hébert alianzisha Canada World Youth, ambamo kila Mkanada aliunganishwa na kijana wa nchi nyingine. Wawili hao waliishi miezi kadhaa Canada na miezi kadhaa katika nchi ya yule mwingine, wakifanya kazi katika jamii zote mbili. Kila mmoja alikuwa mgeni kwa zamu yake na mwenyeji kwa zamu yake.

Jibu jingine lilitokana na mashirika yaliyoongozwa na vijana papo hapo walipoishi. Mfano ulio wazi ni Mathare Youth Sports Association, MYSA, lililoanzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare, Nairobi, na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira na maendeleo. Ligi yake ya soka ilifungamana na usafi wa mtaa: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ilipomaliza kazi ya kuzoa taka na kuzibua mitaro iliongezewa pointi 6. Viongozi walichaguliwa miongoni mwa vijana wenyewe, na waliojituma walisaidiwa karo ya shule. Mwaka 1992 shirika hilo lilitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa kwa kazi yake ya mazingira. Mwanafunzi wa ng'ambo aliyefika katika shirika la namna hii alikuta ratiba, kanuni na viongozi, baadhi yao wadogo kwake kwa umri. Hakuja kuanzisha jambo. Alipangiwa kazi ndani ya jambo lililokwisha kushika mizizi, iwe ni kufundisha michezo, kutunza hesabu au kutoa elimu ya UKIMWI.

Mipango ya serikali ilibadilika polepole kuelekea huko. Mwaka 2000 Norway iliifumua Fredskorpset na kuiunda upya kama mpango wa mabadilishano. Tangu hapo kijana hutumwa na shirika lake kwenda kwa shirika mshirika, naye mshirika hutuma kijana wake Norway, au kutoka nchi moja ya Kusini, yaani nchi zinazoendelea, kwenda nyingine. Tangu 2018 taasisi hiyo inaitwa Norec. Ujerumani ilianzisha weltwärts mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wake nje, na mwaka 2013 ikafungua mlango wa kuwapokea vijana kutoka Kusini. Uingereza, kupitia International Citizen Service iliyoanza mwaka 2011 chini ya uongozi wa shirika la kujitolea la VSO, iliwaweka vijana wa Uingereza na wa nchi mwenyeji katika timu moja.

Machi 2020 janga la UVIKO-19 liliwarudisha makwao karibu vijana wote waliokuwa wakijitolea ng'ambo. Peace Corps iliwaondoa watumishi wake duniani kote kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika mashirika mengi, kazi ya vijana iliendelea mikononi mwa wenyeji, na huo ulikuwa ushahidi wa somo la miaka yote iliyotangulia: shirika lenye viongozi wake haliwi tegemezi kwa mgeni.

Kutokana na historia hiyo, mipango mizuri hufuata masharti yanayofanana. Shirika mwenyeji ndilo hutaja kazi inayohitajika na hushiriki kumchagua anayekuja. Mwanafunzi huandaliwa kwa lugha na mila kabla ya safari, hupata kibali halali, ambacho nchini Tanzania ni kibali cha ukaazi daraja C, na huwa na msimamizi mwenyeji pamoja na mwenzake wa rika lake. Na pale fedha zinapotosha, kijana wa upande wa pili naye husafiri, ili uzoefu wa kazi usiwe mali ya upande mmoja.