Historia ya Ombi la Ruzuku katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Madhumuni ya insha hii ni kueleza kwa ufupi jinsi desturi ya kuomba msaada kwa maandishi, kutoka kwa mashirika ya hisani yaliyo mbali, ilivyoingia na kukua katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Waandishi wa historia wamezoea kutazama vita, utawala na biashara. Barua ya maombi huiona kuwa karatasi ya ofisini tu. Walakini kwa mwanafunzi wa historia na wa lugha barua hiyo ni ushahidi wenye thamani, kwa sababu ndani yake mtu hulazimika kusema yeye ni nani, ana shida gani, na kwa nini mgeni amwamini.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno ruzuku ni ndugu wa riziki. Yote mawili yatoka katika asili moja ya Kiarabu, na Mwenye kuruzuku, kwa fikira za wazee, ni Mungu peke yake. Neno wakfu lilihusu msikiti, kisima au shamba lililofungwa lisiuzwe wala kurithiwa, ili faida yake iwafae watu daima. Ama neno mfadhili, limepata mageuzi ya ajabu. Katika methali isemayo "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi", neno hilo si jina la mtu. Ni kitenzi cha amri, na ile m- ya mwanzo ni kiambishi cha yule atendewaye fadhila. Leo m- hiyo imekuwa ya yule atendaye: mfadhili ni mwenye fedha. Hivyo macho ya lugha yamehama kutoka kwa mpokeaji hata kwa mtoaji. Tutaona kwamba historia ya maombi katika Mara yafuata njia iyo hiyo.

Hapo kale Wakuria wa Tarime, na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wa Serengeti, waliombana uso kwa uso. Aliyetaka kulima shamba kubwa au kujenga nyumba aliwaita jirani na watu wa rika lake, akawaandalia pombe na chakula, nao wakamfanyia kazi. Ombi la namna hiyo halikuhitaji maelezo, kwa kuwa walioombwa walikwisha kuijua shida. Tena halikuhitaji ripoti, kwa kuwa walioombwa waliiona kazi ikiisha. Aliyeomba leo aliombwa kesho. Barua ya kwanza ya kuomba ng'ambo ilikuja na wamisheni. Wamenoniti kutoka Marekani walipofika Shirati mwaka 1934, shule na hospitali zao zilitegemea sadaka za waumini waliokuwa mbali, ambao hawakupata kuliona ziwa wala kijiji. Hapo ndipo shida ya mtu wa Mara ilipoanza kuelezwa kwa mtu asiyemjua, na aghalabu mwelezaji hakuwa mwenye shida.

Mfano mkubwa kupita yote watoka Serengeti. Hifadhi hiyo ilipata kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kabla ya miaka kumi kupita serikali ilikuwa ikifikiri kubadili mipaka yake. Wakati huo Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael, walikuwa na fedha zilizotokana na filamu yao juu ya wanyama wa porini, nao walitaka kuzitoa ili ardhi inunuliwe. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, aliwashauri vingine: afadhali fedha hizo zitumike kuhesabu wanyama na kufuata njia za kuhama kwao, ili mipaka ikatwe kwa ujuzi. Twaona hapa jambo la maana sana. Muombaji mwerevu hakupokea tu alichopewa. Alimgeuza mtoaji nia, akamwonyesha haja iliyokuwa kubwa zaidi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa ndege ndogo katika miaka ya 1957 hadi 1959. Hesabu yao ilifika wanyama wapatao 367,000, na katika hao nyumbu karibu 99,000. Michael alikufa tarehe 10 Januari, 1959, ndege yake ilipogongana na tai. Filamu yao juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka huo, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na sadaka za hifadhi zikaongezeka. John Owen, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi tangu 1960 hata 1971, alijulikana kwa bidii yake ya kutafuta fedha ng'ambo. Mwaka 1966 Taasisi ya Utafiti ya Serengeti iliundwa Seronera, Hugh Lamprey akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Na miongoni mwa walioitegemeza yalikuwamo mashirika ya hisani kama Ford Foundation ya Marekani na Fritz Thyssen Stiftung ya Ujerumani.

Hapana shaka kwamba maombi hayo yalifaulu. Lakini yatupasa kuuliza: katika maombi hayo, Mwikoma na Mnata walikuwa wapi? Watu hao waliishi magharibi ya hifadhi, wakilima, wakifuga na kuwinda, nao walikuwa na majina ya vilima na visima ndani ya mipaka ile. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji. Basi katika picha iliyopelekwa ng'ambo nchi ilionekana tupu, na mwenyeji alipotajwa alitajwa kama mwindaji haramu. Simsemi mtu kwa ubaya. Wanyama wale wangaliweza kupotea. Nasema tu kwamba ombi, kama kila masimulizi, huchagua nani awe ndani na nani awe nje, na aliyeachwa nje huendelea kuachwa muda mrefu baada ya fedha kwisha.

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere, naye ni mzaliwa wa Butiama katika Mara hiyo hiyo, aliwaonya wananchi kwamba taifa haliwezi kujengwa kwa zawadi na mikopo ya wageni bila uhuru wake kuingia hatarini. Hata hivyo yeye mwenyewe hakukataa urafiki. Mwaka 1975, pamoja na Askofu Trevor Huddleston, alishiriki kuanzisha Chama cha Uingereza na Tanzania, ambacho mfuko wake wa hisani, Tanzania Development Trust, umesaidia miradi midogo ya vijijini. Walioona hapo kinyume hawakusoma vema. Azimio halikukataza kupokea, lilikataza kutegemea. Na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo shida ya kila anayeandika ombi hata leo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwalo maombi ya Tarime na Serengeti yamejulikana sana katika miaka hii, nalo ni kuwakinga wasichana na ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Walakini sheria haina kitanda wala uji. Msichana anayemkimbia ngariba usiku wa Desemba ahitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo vilianzishwa vituo vya kuwapokea: Masanga katika Tarime, na nyumba salama Mugumu katika Serengeti, ambayo ilianza chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 2017 Rhobi Samwelly alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba salama Mugumu na katika wilaya ya Butiama. Upimaji wa afya wa taifa ulionyesha kwamba katika Mara wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 32 katika 2015-16, na asilimia 28 katika 2022.

Nyumba hizo huishi kwa maombi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, iliweka utaratibu wa kuyaandikisha; na Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2003, ilifungua njia ya kuomba ruzuku ndani ya nchi. Muombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa. Kisha aeleze tatizo, lengo, shughuli, matokeo na bajeti. Haya yote ni ya haki, maana fedha za hisani ni amana. Lakini ndani yake mna mivutano miwili ambayo yafaa wataalamu waijue.

Mvutano wa kwanza ni wa kalenda. Ukeketaji wa Wakuria hufanywa zaidi katika likizo ya Desemba, na hasa katika miaka ya shufwa, kama 2014, 2016 na 2018, kwa sababu wazee huhesabu miaka ya heri na ya nuhusi. Ruzuku nayo ina kalenda yake, ambayo aghalabu ni miezi 12. Katika mwaka wa witiri wasichana wakimbiao huwa wachache, na nyumba yaweza kuonekana haina kazi. Mwaka ufuatao hujaa. Tena, msimu ukiisha, wazazi huitwa, hutia sahihi ahadi, na wasichana wengi hurudi nyumbani. Wako lakini ambao wazazi hukataa katakata. Hao hubaki miaka, na kila mwaka wahitaji ada, sare na chakula. Katika safu ya "matokeo" msichana aliyerudi na msichana aliyebaki wote wahesabiwa mmoja mmoja. Bali gharama zao ni mbali kama mbingu na nchi.

Mvutano wa pili ni wa lugha. Kikuria kina neno esaro, ambalo hutaja jando la wavulana na la wasichana pia, na hata kundi la waliotahiriwa pamoja. Mzazi wa kijijini, akisema Kiswahili, husema tohara. Ombi husema ukeketaji, neno ambalo lina hukumu ndani yake. Mwandishi akiandika tohara, msomaji wa ofisini atamdhania kuwa hajaiona dhuluma. Akienda kijijini na neno ukeketaji, wazee watafunga masikio kabla hajaketi. Kwa hiyo mtu yule yule hana budi kuwa na ndimi mbili, na aghalabu ya tatu, maana ombi lenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Msichana aliyekimbia usiku hawezi kuisoma karatasi inayosimulia kukimbia kwake.

Hata hivyo iko mifano ya kutia moyo. Vijiji vingi vya Mara havikuwa katika ramani, na waokoaji walihangaika gizani wakitafuta nyumba ya aliyeita. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map, chini ya Tanzania Development Trust, uliwafundisha watu kuchora njia na vijiji, na wenyeji wenyewe wakaandika majina ya mahali pao. Tukilinganisha na habari za Seronera, twaona mageuzi: hapo kwanza ndege ilihesabu nyumbu na majina ya wenyeji yakaachwa, sasa majina ya wenyeji ndiyo njia ya kumfikia mtoto.

Basi mambo matatu yamedhihirika. Kwanza, ombi bora halimfuati mtoaji tu, bali humfundisha, kama Molloy alivyofanya. Pili, ombi lisilo na sauti ya wahusika laweza kufaulu na papo hapo kudhulumu. Tatu, muda wa ruzuku wafaa upimwe kwa desturi za mahali, si kwa mwaka wa hesabu za benki. Ni matumaini yangu kwamba vyuo vyetu vitaanza kuhifadhi nakala za maombi haya, na kwamba mashirika yetu yatayaandika kwanza kwa Kiswahili, ili wanaoombewa waweze kuyasoma na kuyasahihisha kabla hayajavuka bahari.