Walimtafuta Matigari Wamkamate

Wiki jana nilikuwa stendi ya Makutano, Meru, nikingoja matatu ya Embu ijae. Mkononi nilikuwa na Walenisi ya Katama Mkangi, nakala ya mtumba ambayo jalada lilishatoka zamani. Jamaa mmoja wa miraa akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia: mtu amehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani aende akafie huko, anajifunza kukiendesha, anatua kwenye sayari nyingine. Jamaa akacheka sana. "Hizo ni za wazungu, bro. Sisi hatunanga hizo."

Matatu ilijaa kabla sijamjibu. Jibu langu ndilo hili, na kama anasoma, anisamehe limekuwa refu.

Tuanze na Mbwaa, kwa sababu jamaa ni Mmeru na lazima aliisikia akiwa mtoto. Watu wetu walikuwa watumwa wa Nguuntune, wale watu wekundu, kwenye kisiwa. Wakapewa kazi zisizowezekana: leteni ndara zenye manyoya juu na chini, leteni mbwa mwenye pembe. Wazee wakatumia akili, wakazileta. Mwisho wakaambiwa wafue mkuki unaofika mbinguni. Hapo wakaamua kutoroka. Koomenjwe akapiga maji kwa fimbo, maji yakagawanyika, watu wakavuka. Waliovuka usiku wakawa Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru.

Wanahistoria wameitafuta Mbwaa hadi kisiwa cha Manda, Lamu. Ni sawa, wacha watafute. Mimi nakumbuka nyumbani kwetu watu wakiisikiliza, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mbwa anaweza kuota pembe. Walibishana juu ya mengine. Kuna mjomba aliyeshikilia kwamba hiyo ni hadithi ya Musa tu, imebadilishwa majina. Kuna shangazi aliyesema wazee walikosea kuanza kutii amri ya kwanza, maana bosi akiona umeweza ndara atakuitisha mkuki. Shangazi yangu hakusoma hata darasa la nane, na mpaka leo sijasikia uhakiki mkali kuliko huo.

Kwa hivyo wasomaji wa hadithi za ajabu tulikuwepo hata kabla ya vitabu. Vitabu vilipokuja, tuliendelea kusoma vilevile. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, na kila aliyerudi na mawazo mapya akatupwa gerezani. Kusema kweli, mimi kilinichosha mahali, hotuba ni nyingi. Lakini hebu fikiria unakisoma Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na mwandishi mwenyewe ameajiriwa na serikali hiyo hiyo. Nchi ya hewani ilikuwa mahali pekee pa kuongelea nchi ya chini.

Halafu Ngũgĩ wa Thiong'o. Caitaani Mũtharaba-inĩ aliiandika Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi ya choo. Ndani yake wezi wanafanya mashindano pangoni kuona nani bingwa wa kuiba. Ilipotoka 1980, watu waliisoma kwa sauti majumbani, kwenye matatu, kwenye baa. Ngũgĩ alieleza kwamba kule baa msomaji alisoma hadi glasi yake iishe, kisha akanyamaza. Wateja wakitaka kujua wezi wamefikia wapi, wanamnunulia nyingine. Mnaosema Wakenya hawasomi, mnaona hapo?

Sasa njoo 1986. Matigari ma Njirũũngi inatoka kwa Kigĩkũyũ. Ngũgĩ yuko uhamishoni. Shujaa anatoka msituni baada ya kumshinda mzungu, anafukia bunduki, anajifunga mshipi wa amani, anaenda kudai nyumba aliyoijenga mwenyewe. Anakuta mtoto wa msaliti ndani. Basi anazunguka nchi nzima akiuliza swali moja: ukweli na haki vinapatikana wapi? Risasi hazimpati. Leo ni mzee, kesho ni kijana. Nchi yenyewe haina jina.

Mapema 1987 ripoti zikaifikia serikali: wakulima wananong'ona kuhusu mtu anaitwa Matigari, anazunguka akiuliza maswali. Amri ikatoka akamatwe. Ni Ngũgĩ mwenyewe aliyeeleza haya kwenye tafsiri ya Kiingereza. Polisi wakatafuta, wakagundua Matigari yuko kitabuni tu. Februari wakavamia maduka ya vitabu, wakabeba nakala zote walizozipata. Wamekosa mtu, wakakamata karatasi.

Tunaicheka hiyo hadithi kama kichekesho cha polisi. Huku upande wa mlima naona hainichekeshi sana. Baimungi M'Marete wa Meru alitoka msituni wakati wa uhuru, akauliza mambo ya ardhi ya wapiganaji, na mwaka 1965 aliuawa na askari wa serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo mkulima wa hapa akisimuliwa mtu ametoka msituni kudai nyumba yake, angejuaje kwamba ni hadithi ya kubuni? Alishamsikia mtu wa aina hiyo, na alijua alivyoishia. Nadhani hata serikali ilijua. Ndiyo maana iliogopa haraka hivyo.

Na Mkangi? Alikuwa mhadhiri, akawekwa kizuizini 1986, miaka ile ile ya Matigari. Walenisi ikatoka 1995. Jina lenyewe livunje: wale ni sisi. Sayari aliyotua Dzombo haina tajiri wala maskini, na kusema ukweli ndiyo sehemu inayonipa shida. Kila mtu huko ni mwema mno, mpaka nikatamani mmoja aibe hata kuku. Lakini ile safari ya chomboni nimeisoma mara tatu. Mtu amewekwa kwenye mashine ya kumuua, badala ya kulia anatafuta usukani uko wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda. Niliporudi nyumbani na sanduku, hicho ndicho kitabu nilichokuwa nacho. Sihitaji kuongeza.

Desemba 2024 vijana walitekwa nchini kwa sababu ya picha na utani walioweka mtandaoni, hata hapa Embu. Januari baadhi yao wakaachiliwa. Picha ya kubuni, na mtu halisi anatiwa garini. Mimi natengeneza video na kuandika haya maoni kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na wiki hiyo mama alinipigia kila jioni kuuliza tu kama niko nyumba.

Kwa hivyo jamaa wa Makutano, hizi hadithi ni zetu, na zina bei. Nitapita hapo Jumamosi. Walenisi nitakuachia uisome, halafu uniambie wewe ungetua au ungerudi. Ila jalada usinidai, nilikuta halipo.