Njia za Miguu za Babati, na Deni Letu Kwake



Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mzee, enzi zenu mlifikaje Bonga bila pikipiki?" Wenzangu walicheka. Mimi nilisimama nimwonyeshe kwa kidole mahali njia yetu ilipoanzia, nikakuta pamejengwa nyumba. Ndipo nilipoona yafaa niandike machache juu ya njia za miguu za Babati, kabla kumbukumbu haijapotea pamoja na wenye kuikumbuka.

Babati ni mji wa njia panda. Hapa hukutana barabara za Arusha, Singida na Dodoma. Lakini kabla ya gari la kwanza kufika, watu walikwisha kukutana hapa kwa miguu. Wagorowa na Wairaqw ni watu wa lugha za Kikushi. Warangi wa upande wa Kondoa na Wambugwe wa upande wa Magugu ni Wabantu. Wabarbaig wa upande wa Hanang' ni Waniloti. Asili tatu za lugha katika eneo ambalo mtu mwenye miguu mizuri alilivuka kwa siku chache! Waliounganisha watu hao ni wapita njia: wachunga ng'ombe, wabeba nafaka, waposaji na wageni wa misiba.

Vita navyo vilipita humu. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walitoka upande wa Arusha, wakapita Lolkisale na Ufiome, yaani nchi hii yetu, wakaiteka Kondoa Irangi kutoka kwa Wajerumani. Ilikuwa masika. Njia ziligeuka matope na farasi wakafa kwa mamia. Baada ya vita Waingereza walipitisha hapa Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ile ndoto yao ya kuiunganisha Cape Town na Cairo. Lami kati ya Dodoma na Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwezi Aprili 2018. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliyetembea kwa miguu hakuachwa mbali sana na mwenye gari.

Sasa niwaeleze njia tatu tulizozijua sisi.

Ya kwanza ni ya kandokando ya Ziwa Babati. Asubuhi jua likishapanda ndiyo saa yake. Jioni na usiku viboko hutoka majini kwenda malishoni, na kiboko hana mzaha na mtu anayemziba njia ya kurudi ziwani. Mpita njia hapa hujifunza pia historia ya maji. Wengi mnakumbuka mafuriko ya mwaka 1990, ziwa lilipofurika na kuingia mjini. Ukitembea ukingoni ukaona udongo mwekundu unavyoshuka kutoka mashambani mvua ikinyesha, utaelewa kuwa ziwa huhifadhiwa tangu vilimani, siyo ufukweni peke yake.

Ya pili huelekea mashariki, Mlima Kwaraa, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Chini ni mashamba, juu ni msitu wenye ukungu, na msitu huo umehifadhiwa. Msipande bila kibali wala bila mwenyeji, maana tembo na nyati hufika huko.

Ya tatu ndiyo niipendayo zaidi. Huelekea kusini-magharibi, kwenye vilima vya Duru-Haitemba, penye vijiji kama Ayasanda, Riroda na Duru. Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa huko kuwa hifadhi yake. Watu walipoona mipaka inapimwa, baadhi yao waliona afadhali wakate miti mapema kabla ya kufungiwa. Msitu ukazidi kuumia. Mwaka 1994 shauri hilo liliachwa, na vijiji vinane vikaachiwa kila kimoja kulinda sehemu yake, kwa sheria ndogo zake na walinzi wake wenyewe. Msitu ukaanza kupona. Mfano huo ulijulikana nchi nzima, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua rasmi misitu ya vijiji. Ukipita huko chini ya kivuli cha miombo, kumbuka kwamba kivuli hicho kiliamuliwa katika mkutano wa kijiji.

Lakini njia zenyewe nani anazilinda? Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 hadi 1976, kaya nyingi nchini zilihamishwa, na njia nyingi za kale zikakosa wa kuzikanyaga. Baadaye Babati ikawa makao ya wilaya mwaka 1985, na makao ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002. Viwanja vikapanda thamani. Kila aliyepata kiwanja akaweka ua.

Na mimi ni mmojawapo. Hapa sina budi kuungama. Niliporudi nyumbani baada ya kustaafu nilinunua kiwanja pembezoni mwa mji, nikakizungushia michongoma pande zote nne. Palikuwa na kijia kinachokata pembeni. Nilikiona. Nikasema moyoni, watazunguka. Baada ya miezi michache alikuja mzee mmoja Mgorowa. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Akasema, "Mwanangu, marahaba yako nimekupa. Ila watoto wa shule walikuwa wakipita hapa. Sasa wanapita kwenye lami, pamoja na malori." Kisha akaniaga.

Usiku ule nilimkumbuka bibi mmoja aliyetukamata tukikatiza shamba lake la maharage, tulipokuwa kidato cha pili. Hakututukana. Alituambia turudi tulikotoka, tuzungukie mpakani, akasema, "Wajukuu zangu, mkikanyaga shamba leo, kesho mwenye shamba ataziba njia." Nilikuwa nimeyasahau maneno yake, na aliyeziba njia nikawa mimi. Kesho yake nilimwita kijana mwenye panga, tukasogeza ua hatua tatu ndani. Watoto walianza kupita kabla hatujamaliza.

Wenzetu wa Uingereza waligombania jambo hili hili. Mwaka 1932 mamia ya vijana walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 sheria ilipitishwa kuzitaka halmashauri zichore njia za miguu katika ramani, na mpaka leo mtu huweza kutembea kupita shamba la mwingine akifuata njia iliyoandikwa. Sisi hatuhitaji kuanza kwa kufungwa jela. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji. Kinachotakiwa ni watu kwenda mkutanoni wakiwa na orodha ya njia zao mkononi. Hata mjini, mwenyekiti wa mtaa hawezi kuitetea njia asiyoijua.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi, hasa mnaosoma jiografia na historia, nawapa kazi. Mchague mzee mmoja mmoja, mtembee naye. Andikeni njia ilianzia wapi, iliishia wapi, nani aliipita na kwa shughuli gani, na leo imezibwa wapi. Msikanyage maharage ya mtu. Daftari lile liwekwe katika maktaba ya shule.

Nasi wahitimu, tulio na viwanja na nyua, kila mmoja akague ua wake kabla hatujakutana tena. Asubuhi ya siku ya mkutano nitakuwa nimesimama ziwani, jua likishapanda na viboko wakisharudi majini. Atakayekuja tutatembea naye. Yule kijana wa kidato cha pili namngoja wa kwanza.