Kutoka Kiti cha Kabaka hadi Viti vya Lukiko



Kila ifikapo tarehe 9 Oktoba huwa tunasimulia habari za mwaka 1962: bendera ya Mwingereza iliposhuka pale Kololo na yetu ikapanda. Mwaka huu tumechagua kurudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1888. Sababu wengi wenu mnaijua. Mwezi wa nane tulikaa kikao cha kupanga sherehe hii, na jambo dogo la nani afungue kwa sala likageuka kubwa. Mzee mmoja akaanza kuhesabu wajumbe wa kamati: wa dini hii saba, wa dini ile wawili. Mwingine akatoa hoja kwamba tuandike katika katiba ya jumuiya: mwenyekiti atoke dini hii, katibu dini ile, mweka hazina dini nyingine. Tukaahirisha hadi baada ya sherehe. Watu waliondoka bila kuagana, jambo ambalo si kawaida yetu.

Sisi wauguzi tunajua kwamba kabla ya kumpa mgonjwa dawa unauliza kwanza alishawahi kutumia nini, na ilimfanya nini. Dawa iliyopendekezwa pale kikaoni ilishatumika Buganda. Tusome faili.

Kabaka aliyekuwa na kila kitu

Kabla ya dini za kigeni, Kabaka wa Buganda alikuwa na nguvu ambazo wafalme wengi wa nchi jirani hawakuwa nazo. Alimpandisha mkuu leo na kumwondoa kesho. Wakuu waliishi kwa kumtazama usoni, na kila mmoja alisimama peke yake mbele yake. Lukiko ilikuwepo, lakini ilikuwa baraza la kuja kumsujudia mfalme na kusikia amri zake.

Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika enzi za Kabaka Suna, wakaleta nguo, bunduki na Uislamu. Mwanawe Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, ingawa baadaye aliwaua vijana wa kasri waliomwona hana uislamu wa kutosha. Waprotestanti wa Uingereza walifika mwaka 1877, na mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Mutesa aliwakaribisha wote, akawasikiliza wakibishana mbele yake, asimpe yeyote ushindi. Maadamu yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi, dini zilimwongezea heshima.

Vijana waliotumika katika kasri walijifunza kusoma kwa walimu hao. Lugha ya masomo mwanzoni ilikuwa Kiswahili, hiki hiki tunachokitumia hapa Gulfton ili Mganda, Mkongo, Mrundi na Mtanzania waelewane. Vijana hao waliitwa wasomaji. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda waliozaliwa chini ya migomba ile ile.

Hapo ndipo kitu kipya kilipozaliwa. Kwa mara ya kwanza kijana wa kasri alikuwa na wenzake ambao hawakuunganishwa naye na ukoo wala na Kabaka. Waliunganishwa na kitabu.

Mwaka wa wafalme watatu

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alirithi kiti akiwa kijana wa miaka kama 18. Alijaribu kuivunja nguvu hiyo mpya kwa kuua. Tarehe 3 Juni 1886 wengi waliteketezwa kwa moto Namugongo, akiwemo Karoli Lwanga. Kanisa Katoliki linawakumbuka mashahidi 22, na Waanglikana 23. Hata hivyo wasomaji waliongezeka. Kisha Mwanga akafanya jambo lililomgharimu ufalme: aliunda vikosi vya vijana wenye bunduki, na vingi akaviweka chini ya wasomaji hao hao, miongoni mwao Apolo Kagwa, Mprotestanti, na Honorati Nyonyintono, Mkatoliki.

Mwaka 1888 ilijulikana kwamba Mwanga amepanga kuwapeleka wasomaji wa dini zote katika kisiwa cha ziwani na kuwatelekeza huko. Mwezi Septemba Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakaungana, wakamfukuza. Wakamweka kaka yake Kiwewa. Mwezi Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo, ambao walikimbilia upande wa Ankole. Kiwewa alipokataa kutahiriwa, kwa kuwa mila hairuhusu damu ya Kabaka kumwagwa, naye akaondolewa, akawekwa Kalema aliyekubali. Wakristo wakarudi na jeshi, wakiwa wamemchukua Mwanga yule yule aliyewachoma wenzao, wakamrudisha. Ilipofika Februari 1890 alikuwa amekaa tena Mengo moja kwa moja.

Mwanga alirudi kwenye kiti kile kile, lakini sasa alijua, na kila mtu alijua, nani alimweka na nani angeweza kumwondoa.

Kugawana viti

Washindi Wakristo waligawana nchi. Apolo Kagwa akawa Katikiro, yaani waziri mkuu. Penye mkuu Mprotestanti, chini yake akawekwa Mkatoliki, na penye Mkatoliki, chini yake Mprotestanti, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Likawekwa na sharti kwamba mkuu akibadili dini, anapoteza cheo.

Sharti hilo tulitazame vizuri, maana ndilo kiini cha habari yote. Zamani cheo kilikuwa cha Kabaka, anampa amtakaye. Sasa kilikuwa mali ya chama cha dini. Mwanga mwenyewe aliegemea upande wa Wakatoliki, na wakuu wengi wangependa kumfuata mfalme wao kama desturi ilivyokuwa, lakini wangepoteza vyeo. Hiyo ndiyo siku amri ya mfalme ilipowekewa mpaka na mapatano ya raia wake. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kupenda demokrasia. Walifanya kwa sababu hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kuumeza mwingine.

Uingereza nako kulipita jambo la jamii hiyo miaka 200 kamili kabla ya Buganda. Mwaka 1688 wakubwa Waprotestanti walimchoka Mfalme James wa Pili, Mkatoliki, wakamwalika William kutoka Uholanzi. Mwaka 1689 Bunge lilimpa taji pamoja na masharti: asitoze kodi wala kusimamisha sheria bila Bunge, na kiti kisikaliwe tena na Mkatoliki. Huko pia bunge lilipata nguvu kwa kuwa lilishika dini ya mfalme mkononi. Na huko pia waliobaki nje ya mapatano, yaani Wakatoliki, walisubiri hadi mwaka 1829 ndipo waruhusiwe kukaa bungeni.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru

Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alifika Mengo Desemba 1890. Tarehe 24 Januari 1892 vita vikazuka kati ya Wafaransa na Waingereza, yaani Waganda kwa Waganda. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa rashasha za Maxim. Misheni ya Rubaga ikachomwa, Mwanga akakimbia. Katika suluhu Wakatoliki walipewa Buddu, na familia nyingi zikahama kwenda huko. Mkisikia hadi leo kwamba Masaka ni nchi ya Wakatoliki, asili yake ni hiyo. Waislamu, waliokuwa wa kwanza kuleta kitabu, mwishowe walibaki na saza dogo la Butambala.

Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza Uganda kuwa himaya yake. Mwanga akaasi Julai 1897, akashindwa. Alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Kwenye kiti akawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Waliotawala kwa niaba yake walikuwa watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki.

Mkataba wa Machi 1900 ulisainiwa Kabaka akiwa na miaka mitatu na nusu. Sisi tunaofanya kazi wodini tumezoea: mtoto akiletwa kupasuliwa, anayetia sahihi ni mzazi au mlezi. Tofauti ni kwamba mlezi wa mgonjwa haondoki hospitalini na hati ya shamba. Walezi wa Daudi Chwa waliondoka nayo. Kabaka alitengewa maili za mraba 350. Wakuu na watu mashuhuri wapatao 1,000 walitengewa maili 8,000, na kazi ya kuamua nani apate wapi ilikuwa ya Lukiko yenyewe. Wazee wa koo waliona makaburi ya babu zao yakiingia katika mashamba ya wengine.

Lukiko ikaandikiwa idadi: mawaziri 3, wakuu wa masaza 20, watu 3 kutoka kila saza, na 6 wa kuteuliwa na Kabaka. Jumla 89.  Kikao kiliongozwa na Katikiro. Daudi Chwa alipofikisha umri wa kutawala mwaka 1914, alikuta nyumba imeshapangwa na funguo ziko kwa Kagwa, ambaye alibaki Katikiro hadi 1926. Juu yao wote, bila shaka, alikaa gavana wa Kiingereza.

Deni lililofika 1962

Tuwe waadilifu. Mapatano yale yalisimamisha umwagaji damu kati ya Wakristo. Yalimwondolea mtu mmoja uwezo wa kuchoma watu kwa hasira. Yaliwafundisha wakuu kukaa chumba kimoja, kubishana na kuandika walichokubaliana. Hayo si madogo, na tusiyadharau.

Lakini viti vilivyopewa dini havikurudi tena kwa wananchi. Ukatikiro ulibaki kwa Waprotestanti mkono hata mkono. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, aliukosa kwa kura chache, na uchungu huo uliingia katika Democratic Party, chama kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla. Wapinzani wakakitania kwa herufi zake, DP, kwamba ni Dini ya Papa. Nao UPC wakaitwa Waprotestanti wa Canterbury. Utani, lakini watu walipiga kura kwa utani huo.

Mwaka 1962 Benedicto Kiwanuka wa DP alikuwa Mganda na waziri mkuu wa kwanza wa nchi, ila alikuwa Mkatoliki. Wakuu wa Mengo walichagua kuungana na Obote wa UPC kuliko kumwona juu ya Kabaka. Wabunge 21 wa Buganda hawakupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na Lukiko. Hivyo siku ya Uhuru, Obote ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Mnajua kilichofuata. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia kasri la Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia London, ambako alifariki mwaka 1969. Falme zikafutwa 1967, na Buganda haikumwona Kabaka akitawazwa tena hadi 1993.

Tunarudi kikaoni

Mzee wetu aliyehesabu wajumbe hakukosea hesabu. Saba kwa wawili ni kweli, na wanaojiona wawili wana haki ya kuuliza kwa nini. Kosa ni dawa. Tukiandika dini juu ya viti, baada ya miaka michache hatutakuwa tunamchagua mweka hazina anayejua kutunza fedha za misiba. Tutakuwa tunalinda kiti cha wenzetu. Na kijana aliyezaliwa hapa Houston, ambaye pengine haendi kanisani wala msikitini, hatakuwa na pa kukaa.

Pendekezo letu ni hili. Uongozi uwe na muhula, mtu akimaliza aondoke. Kura iwe ya siri. Hesabu za fedha zisomwe mbele ya wote. Siku za kikao zisigongane na Ijumaa mchana, Jumamosi wala Jumapili asubuhi. Chakula cha sherehe kiwe ambacho wote tunaweza kula. Na sherehe ifunguliwe kwa dakika moja ya kimya, kila mtu amwombe Mungu kwa njia yake, kisha tuimbe wimbo wa taifa.

Mkiona pendekezo halifai, njooni mlipinge kikaoni, tuandike kwenye kumbukumbu nani alisema nini. Ila safari hii, baada ya kikao, tuagane.

Heri ya Uhuru.