Mawe, Chokaa na Boriti: Ujenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja

Sehemu kubwa ya majumba ya Mji Mkongwe yanayoonekana leo ilijengwa katika karne ya 19, baada ya Sultani wa Oman, Seyyid Said, kuhamishia makao yake Unguja. Ngome Kongwe ni ya zamani zaidi: Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mti huo ndio uliopanga ramani ya nyumba: kwa kuwa boriti haivuki nafasi pana, vyumba vilitoka vyembamba na virefu. Nyumba ya Mwarabu iligeukia ndani, kwenye ua wake, na fahari ya nje ikaachiwa mlango wa nakshi. Mfanyabiashara wa Kihindi alifungua duka barabarani, akaishi ghorofani, akaongeza roshani za mbao. Baraza za mawe kando ya njia zilimpa mpita njia pa kuketi, na mpaka leo hazikosi watu.

Adui wa ujenzi huu ni maji. Paa likivuja, au choo cha ghorofani kikitiririsha, udongo ndani ya ukuta hulainika na vichwa vya boriti huoza. Saruji, ambayo wengi huiona tiba, huongeza maradhi: huziba ukuta usipumue, unyevu ukabaki ndani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kwa kodi ndogo isiyotosha hata kuziba paa. Mwenye jukumu la kutengeneza hakujulikana vizuri, na nyumba zikaanza kuanguka.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na mpango wa hifadhi ukafuata mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya 1990, taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilikarabati jumba la zahanati lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, mfano bora wa kazi iliyofanywa kwa ustadi wa asili. UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ilileta wageni na hoteli.

Beit el Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, hata hivyo liliharibika kwa miaka mingi machoni pa wote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka matengenezo yakiwa yameanza, na watu wawili wakafa.